SIRI YA VITA NI AMANA, LAKINI MTU HAFANYWI SIRI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Leo nitaandika kirefu, mniwie radhi. Mwenye haraka aweke, asome kesho baada ya Alfajiri. Mwenye nafasi akae tusemezane.

Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, nilikuwa Muleba kwa darsa. Wenyeji wa huku mnajua kuwa siku hiyo huwezi kupita Muleba bila kuikumbuka Kaboya, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vya Kagera. Mamia wamelala pale, Waislamu na Wakristo, vijana wa Mtwara na Songea na Tanga ambao mama zao hawakuwahi hata kuiona Bukoba. Basi darsa likageuka, tukazungumza vita. Kijana mmoja, mzuri tu, anasoma, akanyanyua mkono akauliza: "Shekhe, nchi ikiwa vitani, mtu akishukiwa ni jasusi wa adui, ana haki gani tena? Si apotezwe tu, yaishe?"

Watu wakacheka. Nami nilitabasamu, Allah anisamehe. Nikamjibu jibu fupi la kupitisha muda, tukaomba dua, tukatawanyika.

Nje, karibu na pale tunapoweka viatu, alikuwa amekaa bibi mmoja, umri wake umekwenda. Akaniita, "Mwanangu shekhe, njoo nikuulize langu." Nikachuchumaa. Akaniambia swali lake amekaa nalo tangu mwaka 1979 na hajawahi kumuuliza mtu. Swali nitaliweka mwisho, kwa sababu kwanza inabidi mjue kisa chake. Ameniruhusu nikiseme bila jina lake wala kijiji chake.

Mwaka 1978 bibi huyu alikuwa mke kijana, wanaishi upande wa kaskazini ya mto, huko ambako leo ni Missenyi. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa samaki na kahawa, anavuka Mutukula kama wewe unavyovuka barabara. Kiganda anakisema kama Kihaya. Dada yake ameolewa Masaka. Hakuna cha ajabu hapo, nusu ya watu wa mpakani wako hivyo. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin yakaingia, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mtoni ni ya Uganda. Eneo la kilomita za mraba kama 1,800, na watu wake, ng'ombe wao, kiwanda chao cha sukari. Daraja la Kyaka likavunjwa. Kabla ya hapo ndege zake zilishafika kutupa mabomu Bukoba mjini. Wazee wa Kashai na Hamugembe watawahadithia jinsi watu walivyobeba magodoro kukimbilia migombani.

Familia ile ikakimbia na watoto, wakafika huku Muleba kwa jamaa. Mume akawa mgeni mahali ambapo kila mtu ana hofu. Mgeni anayesema Kiganda, ana redio, anasikiliza Kampala usiku ili ajue kama dada yake bado yuko hai. Siku ya kumi na kitu wakaja watu usiku. Hawakutaja jina wala ofisi. Wakamchukua. Asubuhi bibi alikwenda kuuliza kila mahali alipoweza kuuliza, na kila mahali akaambiwa neno moja: haya ni mambo ya vita, mama, nenda nyumbani.

Ndugu yangu, tuwe waadilifu hapa. Usikimbilie kuwatukana waliomchukua. Nchi ilikuwa imevamiwa kweli. Watu walikuwa wameuawa upande wa pili wa mto, wanawake walikuwa wamebebwa mateka. Jeshi lilikuwa linakusanyika huku kwetu, wanamgambo wanashuka kwenye malori kutoka mikoa yote, na mtu mmoja mwenye redio ya kutumia ujumbe angeweza kusababisha maiti mia kwa usiku mmoja. Anayesema usalama wa taifa ni kisingizio tu, hajawahi kulala mahali panapopigwa mabomu. Mimi simo katika hao.

Na dini yetu inaijua siri ya vita. Mtume (S.A.W.) alipotaka kutoka kwenda vitani, mara nyingi alikuwa akiashiria upande mwingine na si ule anaoukusudia. Alipojiandaa kuiendea Makka, hata watu wa karibu kabisa hawakujua wanakwenda wapi. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 83, Allah (S.W.) anawalaumu wale ambao likiwajia jambo la amani au la hofu wanalitangaza hapo hapo, badala ya kulirudisha kwa wenye mamlaka na elimu ya kulichambua. Hiyo aya ni ya WhatsApp, wallahi. Tarehe 7 Desemba 2017, askari wetu waliokuwa na kikosi cha Umoja wa Mataifa waliposhambuliwa Semuliki, mashariki ya Congo, wakauawa wasiopungua 14. Kila msiba wa namna hii unapotokea, simu zetu zinafanya nini? Picha za maiti, majina ya kukisia, sauti za mtu anayedai yuko eneo la tukio. Kuna mama anayejua mwanawe amekufa kupitia kundi la mauzo ya simu za mitumba. Wewe uliyeituma picha hiyo umevunja amana mbili kwa kidole kimoja.

Kwa hiyo siri ipo na ina haki yake. Kikosi kiko wapi, kinapita njia gani, kina risasi kiasi gani, nani alileta habari za adui: haya hufichwa, na anayeyafichua ana dhambi na ana kesi.

Swali langu ni dogo zaidi. Je, MTU naye ni siri? Yule mume wa bibi, pumzi zake, jina lake, kwamba yu hai au amekufa, hayo nayo yanaingia kwenye sanduku moja na mizinga?

Tutazame mfano ambao kila mwanafunzi wa madrasa anaujua lakini hatuusomi vizuri. Hatib bin Abi Balta'a (R.A.). Mtume ameificha safari ya Makka. Hatib, Swahaba, akaandika barua kwa Maquraishi kuwatahadharisha, akampa mwanamke aipeleke. Jamani, hii si tuhuma. Hii ni barua iliyoandikwa, wakati wa vita, inayotoboa siri kubwa kuliko zote za mwaka ule. Mtume akajulishwa kwa wahyi, akawatuma Ali na wenzake, wakamkuta mwanamke mahali panapoitwa Rawdat Khakh, barua ikatoka kwenye nywele zake. Siri ikaokolewa. Angalia sasa kilichofuata. Hatib hakupotezwa. Aliitwa mbele ya watu, akaulizwa amefanya nini na kwa nini. Akaomba asihukumiwe haraka, akaeleza: yeye si Mquraishi wa damu, ana watu wake Makka wasio na mtetezi, akataka awe na wema kwa Maquraishi ili wasiwadhuru. Sayyidna Umar (R.A.) akaomba ruhusa ya kumpiga shingo. Mtume akamkatalia, akathibitisha kwamba Hatib amesema kweli, akakumbusha kuwa mtu huyu alikuwa Badr. Kisa hiki kiko Bukhari na Muslim, si cha kuokota.

Hebu irudie sababu ya Hatib. Jamaa zake walikuwa upande wa pili wa mstari. Watu wa Kagera, nani kati yetu hana jamaa upande wa pili wa mstari? Una shangazi Rakai, una mjomba Mbarara, babu yako alizikwa Karagwe na mdogo wake akazikwa Ngara au ng'ambo ya Ngara. Mpaka ulichorwa na watu wasiotujua. Vita vikija, undugu wako wenyewe unakuwa ushahidi dhidi yako. Ndiyo maana sisi kuliko watu wa Dodoma tunapaswa kukisoma kisa cha Hatib kila mwaka.

Na lipo jingine ambalo wengi hawalijui. Abu Dawud amepokea kwa njia ya Bahz bin Hakim, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Mtume (S.A.W.) anahutubia. Mtu mmoja wa ukoo huo anasimama katikati ya hotuba, anauliza jirani zake wamekamatwa kwa sababu gani. Katikati ya hotuba! Leo mtu akikohoa mimi nikiwa kwenye mimbari ninamkazia macho. Mtume hakumjibu. Akauliza tena, naye hakumjibu. Mwishowe akaamuru jirani zake waachiwe. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wameufafanua ule ukimya kwamba Mtume aliwapa nafasi waliowakamata waseme sababu, nao walikuwepo. Hawakuwa na sababu ya kusema, basi watu wakaachiwa. Kwa njia hiyo hiyo ya Bahz imepokewa pia kwamba Mtume aliwahi kumzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Kwa hiyo kumzuia mtuhumiwa kwa muda kuna asili katika sharia, nisije nikanukuliwa vibaya. Lakini kuna mtu anayeuliza, kuna mahali pa kuulizia, na kuna jibu.

Kijana wangu wa Muleba, hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa.

Wanazuoni wetu walikaa na jambo hili kwa uzito. Al-Mawardi, Mshafii kama sisi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, anataja hitilafu kuhusu muda wa kumzuia mtuhumiwa: wapo waliosema isizidi mwezi mmoja, wapo walioiachia rai ya mtawala. Mwezi! Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alimwandikia Khalifa Harun Rashid kwamba haifai kumfunga mtu kwa kuwa tu mwingine amemtuhumu, na kwamba chakula na nguo za wafungwa zitoke hazina, wasitolewe na minyororo kwenda kuombaomba. Humo humo amenukuu msimamo wa Sayyidna Umar kwamba mtu ukimshindisha njaa, ukamtisha au ukamfunga, alichokiri juu ya nafsi yake hakina amana. Umar yule yule aliyetaka kumpiga Hatib shingo. Mtu mkali si lazima awe mjinga.

Na hao waliokamatwa na silaha mkononi, mateka wa vita hasa, unajua habari zao. Siku ya Badr walitekwa watu kama 70. Abu Aziz bin Umayr, ndugu wa Mus'ab, alisimulia baadaye jinsi Maansari waliokuwa wakimlinda walivyompa yeye mkate, wao wakala tende, mpaka akaona haya. Surat Al-Insan inamtaja mateka pamoja na maskini na yatima miongoni mwa wanaolishwa na waja wema. Thumama bin Uthal alifungwa kwenye nguzo ya msikiti wa Mtume, si shimoni, msikitini, ambako kila anayeingia kuswali anamwona. Kwa siku tatu Mtume anampitia na kumuuliza hali yake. Mtu aliyefungwa mahali ambapo watu wanamwona hapigwi ovyo.

Ulimwengu ulichelewa kufika hapo. Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu mateka wa vita unasema mateka lazima awezeshwe kuandika kadi kwa jamaa zake ndani ya wiki moja tangu afike kambini, na kadi nyingine iende kwenye shirika la kutafuta waliopotea. Kadi yenyewe haitaji kikosi wala njia ya jeshi. Inasema: niko hai, niko mikononi mwa fulani. Mataifa yaliyotoka kuuana kwa mamilioni yalikaa yakaona kwamba kadi hiyo haimpunguzii jenerali chochote.

Basi kama askari wa Amin aliyetekwa Lukaya ana haki ya kadi, vipi mwananchi wetu aliyechukuliwa usiku Muleba asiwe nayo?

Sasa sheria zetu. Tangu 1962 tunayo Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, ambayo ilimpa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila mashtaka, na ikasema amri yake haihojiwi katika mahakama yoyote. Mwaka 1985 ikarekebishwa, ikaongezwa kwamba aliyezuiwa aambiwe sababu ndani ya siku 15, na ikaenea mpaka Zanzibar. Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991 iliiweka katika orodha ya sheria 40 mbaya. Ni miaka mingi sasa, na bado imo vitabuni. Mimi si mwanasheria, lakini sheria ambayo wakati wa amani tunaiweka kabatini "kwa dharura" itatumika siku ambayo wote tuna hofu, na siku hiyo hakuna atakayekuwa na moyo wa kuirekebisha. Mwaka 1978 haukuwa mwaka wa kujadili sheria. Mwaka huu ndio.

Nitakwambia kwa nini nina wasiwasi zaidi leo kuliko zamani. Vita vya Kagera vilikuwa na mwisho. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na Juni mapigano yakawa yamekwisha. Hata mkoa wetu ukabadilishwa jina mwaka huo, kutoka Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera. Aliyefungwa kwa ajili ya vita alikuwa na siku ya kuhesabu. Vita vya siku hizi, vile wanavyoviita vita dhidi ya ugaidi, vina mwanzo tu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, na dhambi hiyo iko shingoni mwa waliolipua, hakuna aya inayowatetea. Lakini angalia kilichompata Suleiman Abdallah Salim, Mtanzania, mvuvi. Alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akaishia mikononi mwa CIA, akapelekwa Afghanistan, kwenye gereza ambalo lenyewe lilikuwa siri. Giza, muziki wa kupasua masikio, maji ya baridi, kutundikwa kwa mikono. Miaka mitano. Mwaka 2008 wakampa karatasi inayosema hana hatari yoyote kwa jeshi lao, wakamrudisha nyumbani. Mwaka 2014 jina lake likatokea katika ripoti ya Seneti ya Marekani yenyewe. Mwaka 2017 kesi aliyofungua na wenzake ikaisha kwa makubaliano. Siri ile ya miaka mitano ilimlinda nani? Ilimlinda aliyekuwa akipiga.

Hicho ndicho kipimo changu, nacho si kigumu. Kila ukiambiwa jambo ni siri, uliza: likijulikana, nani ataumia? Kama ni askari aliye porini, nyamaza, na mwambie mwenzio anyamaze. Kama atakayeumia ni yule anayeogopa kuulizwa alimfanya nini mfungwa, hapo siri imekwisha kuwa pazia.

Najua utasema: Shekhe, mbona hujawataja masheikh wa Uamsho? Nawataja. Walianza kukamatwa Zanzibar Oktoba 2012, mwaka 2014 wakafikishwa Dar es Salaam kwa mashtaka ya ugaidi yasiyo na dhamana, na Juni 2021 mashtaka yakaondolewa wakarudi kwa wake zao. Mimi si hakimu wa kesi ile, na ndiyo huzuni yenyewe: haikusikilizwa mpaka mwisho, hakuna aliyehukumiwa wala aliyesafishwa. Miaka ile yote misikiti yetu iliomba dua, na ilifanya vizuri.

Lakini niruhusu nikukwaze kidogo. Mwaka 2013 ilipita Operesheni Kimbunga hapa kwetu. Maelfu waliondoka Kagera kurudishwa Rwanda na Burundi na Uganda, na miongoni mwao walikuwamo watu waliozaliwa hapa, wakaoa hapa, wakazika hapa. Nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani yake, na majambazi wenye silaha walikuwa wanasumbua kweli njia za Biharamulo. Ila jirani yako, uliyekula naye ubwabwa wa Maulidi, alipopandishwa gari, ulisimama? Nilisimama mimi? Tulikuwa na hotuba nne za Ijumaa mwezi ule. Mimi nilihutubia juu ya adabu za kula. Yule Swahaba alimkatiza Mtume wa Allah kwa ajili ya jirani zake. Sisi tunasubiri akamatwe mwenye kanzu ndipo tukumbuke kuwa kuna haki za mahabusu.

Amin alikuwa Muislamu. Tuliseme, tusilipitie pembeni. Gaddafi alimpelekea askari kwa jina la udugu wa dini, wengine wakafa, wengine wakatekwa. Waislamu wa Bukoba wakati ule waliangaliwa kwa jicho la pembe, wazee wetu hawalisemi sana lakini lipo. Na jibu lao lilikuwa zuri: wakaenda mgambo, wakafa, wako Kaboya. Dhalimu hapewi nafuu kwa kuwa anaswali, na mtuhumiwa hanyimwi haki kwa kuwa anaswali au haswali. Surat Al-Maida imetukataza chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Na chuki kali kuliko zote ni ya wakati wa vita, kwa sababu ina sababu.

Turudi kwa bibi yetu. Alikuwa na watoto watatu, wa mwisho yuko mgongoni. Desemba 1978 mtu akamletea habari kwamba mumewe ameonekana katika maiti karibu na mto. Hakuna karatasi, hakuna kaburi, hakuna ofisi ya kumthibitishia. Wanawake wa nyumba ile wakamwambia: mwenzetu, wewe ni mjane, kaa eda. Akakaa. Miezi minne na siku kumi. Alitoka eda wiki ile ile ambayo redio ilitangaza kuanguka kwa Kampala, watu wanapiga vigelegele barabarani, yeye anafua nguo za eda. Juni ikaja posa. Mtu mwema, anataka kumsitiri na watoto. Shemeji zake wakashaanza kuzungumza nani achukue shamba la migomba.

Baada ya Idi, mwishoni mwa Agosti 1979, mume akatokea mlangoni. Amekonda, meno ya mbele hayapo. Hakusema alikuwa wapi. Hakusema mpaka alipofariki mwaka 1996. Hakuna aliyemwambia kosa lake, wala aliyemwambia kwamba hana kosa.

Fikiria kama angekuwa ameikubali ile posa. Wanazuoni wana mlango mzima juu ya mke wa aliyepotea. Sayyidna Umar alihukumu asubiri miaka minne kisha akae eda. Imamu Shafi, katika kauli yake ya baadaye, akasema ni mke wa mumewe mpaka ipatikane yakini ya kifo chake au talaka. Na mume akirudi akamkuta ameolewa, hapo kuna mjadala ambao sitamani kuuona nyumbani kwa adui yangu. Mirathi haigawiwi, watoto si mayatima wala si wenye baba, mwanamke si mke wala si mjane. Mlango ule wa fiqhi uliandikwa kwa ajili ya watu waliopotea jangwani na baharini, ambao hakuna binadamu anayejua walipo. Huyu alikuwepo mtu anayejua alipo. Alikuwa na funguo. Alikunywa chai kila asubuhi akijua, na neno moja tu, "yu hai," lingemtoa mwanamke yule kwenye eda ya uongo. Haikuwa siri ya jeshi hiyo. Hakuna kikosi cha Amin ambacho kingefaidika kujua kwamba muuza samaki wa mpakani anapumua.

Swali lake lilikuwa hili: "Mwanangu, ile eda niliyokaa, Mwenyezi Mungu ataiandika nini? Nilimkalia eda mtu aliye hai. Nilimuua kwa moyo wangu?"

Nikamjibu, na ninaliandika hapa kwa kuwa huenda kuna mwingine nchini mwenye swali kama hilo anasoma. Nikamwambia: Bibi, eda ile kisharia haikuwa eda, kwa sababu ndoa yako haikuwa imevunjika hata siku moja. Ulikuwa mke wake tangu usiku ule mpaka alipokufa mikononi mwako. Huna dhambi, huna kafara, huna la kulipa. Ulifanya ulichojua kwa habari uliyopewa. Kama kuna anayedaiwa miezi ile minne na siku kumi, si wewe.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akaniuliza kama nimekula, akamtuma mjukuu wake aniletee ndizi.

Wallahu a'alam.